Mbiu ya Ndege Wasiokuwapo

Hapo zamani, katika mji wa Kilimangwa, alikuwapo Sultani aitwaye Mwinyi Ngwali, mwenye bonde la mpunga lililoanza chini ya baraza yake na kwenda hata jicho likachoka. Na katika mji huo alikuwapo maskini mmoja, jina lake Chande. Mkewe Mize alikuwa amejifungua mtoto wa kike, naye bado yumo katika arobaini. Mzazi hula uji wa mchele wenye pilipili manga ili maziwa yashuke. Nyumbani mwa Chande pilipili manga ilikuwapo, mchele haukuwapo.

Basi mpunga ulipoanza kuzaa, Sultani alimwita akamwambia, "Ewe Chande, panda dunguni uniamie ndege, uwafukuze wasile mpunga, mpaka mavuno. Ujira wako makanda manne ya mchele."

"Nimeridhika, Bwana wangu."

Ikawa kila alfajiri Chande yu juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, kombeo mkononi, akipiga makelele na kugonga vifuu vya nazi hata sauti ikamkauka. Mpishi wa Sultani, Bi Sikuzani, alikuwa akimpelekea ukoko wa chungu. Chande husema, "Nitakula baadaye, mama," kisha huufunga katika kilemba akampelekea mkewe. Bi Sikuzani alijua, naye kila siku akaongeza ukoko wala asiseme neno.

Ilipobaki wiki moja kabla ya mavuno, Sultani alimwita barazani.

"Chande, nimekaa hapa siku ishirini, sijaona ndege hata mmoja shambani mwangu."

"Alhamdulillahi, Bwana wangu. Ndiyo kazi uliyoniagiza."

"Kazi gani? Ndege hawapo! Nikulipe kwa kufukuza ndege wasiokuwapo? Shika kanda moja, la koo lako lililokauka, uende zako."

"Hekima iliyoje!" akanena Waziri.

Chande alilitazama lile kanda, akamkumbuka mwanawe anyonyaye titi lisilojaa. Kisha akainama, akasema, "Nimepokea, Bwana wangu. Ila nikirudi mjini kabla ya mavuno, watu watasema nimefukuzwa kwa wizi. Naomba ipigwe mbiu kwamba mwaka huu ndege hawapo."

Sultani akafurahi, maana mbiu hailiwi, haimpunguzii mtu ghala. "Ipigwe! Tena yeyote atakayesema ameona ndege shambani mwangu amenikadhibisha, naye atamlipa Chande makanda kumi ya mchele."

Pembe ikalia mji mzima. Na desturi ya Kilimangwa ilikuwa kwamba mbiu ikishapigwa haitanguki mpaka mavuno yapite, wala hakuna mkubwa aliye juu yake. Babu yake Sultani aliwahi kupiga mbiu kwamba mvua haipo, watu wakatembea wamelowa chapachapa wakisalimiana, "Jua kali leo."

Kesho yake, jua halijapanda, ndege wakaja. Wakaja kama wingu lenye njaa, wakatua shambani, na waliokosa nafasi wakatua barazani. Chande naye alikuja akakaa kwenye ngazi, mikono magotini.

"Waziri!" Sultani akaita. "Nini kile kinachokula mpunga wangu?"

"Sioni kitu, Bwana."

"Na hicho kilichokaa juu ya kilemba chako?"

"Ni upepo, Bwana."

"Upepo una mdomo?"

"Mwaka huu, Bwana, upepo una mdomo." Na upepo ukamdonoa sikio.

Kadhi akaletewa kahawa. Upepo mwingine ukatua ukingoni mwa kikombe, ukanywa. Kadhi akasubiri kwa adabu mpaka umalize.

Sultani akamgeukia Chande. "Ewe, husikii kelele hizi?"

"Nasikia, Bwana wangu. Huenda ni mpunga unaimba kwa furaha ya mavuno."

Sultani akavumilia. Akavumilia hata kona moja ya shamba ikabaki majani matupu. Ndipo akaruka kitini, kiatu kimoja kikamtoka, akapiga ukelele, "Ndege! Ndege wanamaliza mpunga wangu! Chande, wafukuze ndege!"

Mpiga mbiu akaitazama pembe yake. Kutoka jikoni kikasikika kicheko cha Bi Sikuzani, na ufuniko wa chungu ukianguka.

Watu walidhani Chande atadai kwanza haki yake. Lakini yeye alikwisha kushika kombeo, anakimbia kuelekea dunguni, akisema, "Mpunga haukunidhulumu mimi!" Akapiga makelele, akagonga vifuu, akarusha mawe, na kabla kahawa ya pili haijamwagwa vikombeni, ndege wote walikuwa wamekwenda. Akarudi anahema, jasho linamtiririka.

"Bwana wangu," akasema, "tazama tena shamba lako. Unaona ndege?"

Sultani akatazama muda mrefu. "Sioni hata mmoja."

"Basi hivyo hivyo ndivyo usivyowaona siku zile ishirini."

Sultani akafunika uso kwa viganja kwa haya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata machozi yakamlowesha ndevu. Akaagiza Chande apewe makanda kumi ya mbiu, na matatu yaliyobaki ya ahadi, na punda wa kuyabeba, na shali jipya la mzazi.

Na tangu siku hiyo, kila Mwinyi Ngwali alipoona shamba tulivu lisilo na ndege, aliuliza kwanza, "Ni nani aliyechoka?"