Zimwi Aliyeomba Ruhusa

Niseme? Mmejibu "Sema!" Basi tegeni masikio.

Palikuwa na mji uliotawaliwa na zimwi msimulizi. Kila magharibi aliwakusanya watu uwanjani, akauliza, "Niseme?" Kwao kutomwitikia msimulizi ni utovu wa adabu, kwa hiyo wote wakajibu, "Sema!"

"Palikuwa na mto, ukakauka." Na mto wao ukakauka.

Jioni ya pili: "Niseme?" "Sema!" "Palikuwa na njia ya kutokea mjini, ikapotea." Njia ikapotea.

Jioni ya tatu zimwi akawa anawatazama watoto, mmoja mmoja. Mama mmoja, Mize, akamkumbatia mwanawe. Akajiuliza, mwenye nguvu zote hizi, mbona kila mara huomba ruhusa kwanza?

"Mama," akamnong'oneza mkwewe, "leo tusimwitikie. Waambie na wenzio."

"Tutaonekanaje, mwanangu?"

"Mama, nakuomba."

Mnong'ono ukapita kutoka mkeka hadi mkeka.

"Niseme?" Kimya. Mize akawatazama watu midomo, akihofu mmoja atasahau.

"Niseme?" Zimwi akanywea, akawa kama mbuzi. Mkwewe Mize akafumbua kinywa kwa mazoea, akakiziba upesi kwa upindo wa kanga.

"Niseme, jamani?" Sauti ikawa ya mbu, kisha haikusikika tena.

Ndipo Mize akasimama. "Niseme?"

"Utasema nini?" wakamuuliza.

"Palikuwa na mto, ukarudi."

"Sema!"

Maji yakasikika yakija.

Yangu yamekomea hapo. Ila nyinyi, mliniambia "Sema!" kabla hamjajua nitasema nini.