Kompyuta Iliyomtii Fisi

Zamani za kale, wanangu, ila si kale sana, maana kompyuta zilikwisha kuwapo, wanyama wa Mkwajuni walichimba kisima kirefu. Pampu yake iliendeshwa na kompyuta, na kompyuta ilihitaji mfumo endeshi, yaani ule unaoiambia mashine imtii nani na ifanye nini.

Kindi akasema barazani, "Tuweke mfumo ulio wazi, kila mmoja wetu ajifunze kuutumia."

"Kujifunza tena!" Swala akaguna. Alikuwa na mtoto mchanga, nafasi hana. Fisi naye alileta mfumo wake wa bure, wenye picha za kumetameta na wimbo wa kuamkia. Swala akawa wa kwanza kunyoosha mguu kuuchagua.

Kiangazi kilipokaza, pampu ikazima. Kimya! Kompyuta haikumsikiliza yeyote ila Fisi.

"Mfumo ni wangu," Fisi akasema, amejikalia mlangoni pa kibanda cha pampu. "Anayetaka maji alete mtoto wake anitumikie. Nitaanza na wa Swala. Kesho asubuhi!"

Swala alilia hadi sauti ikamkauka. Tunu, mwanawe, alikuwa hata kulia hawezi tena. Asipompeleka, kiu itamuua. Akimpeleka, nani asiyemjua Fisi? Na aliyenyoosha mguu ni yeye mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma kuliko kiu.

Kindi akamwambia, "Dada, mlete. Ila usimwachilie mpaka nikwambie."

Sasa jueni kwamba Kindi na Fisi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani akikukejeli hukasiriki. Ukikasirika, umeutia aibu ukoo mzima. Basi asubuhi Kindi akaingia kibandani bila hodi, akaipanda kompyuta, parakacha! Huko nyuma ya mashine akachomeka flashi yenye mfumo wake, Fisi asione.

"Mtani wangu, kumbe domo tupu!" akasema. "Hata kompyuta haikutii."

"Hainitii? Kuna mwingine inayemtii?"

"Wewe mlinzi wake tu. Mbona hujathubutu kuizima? Unaogopa ikiamka haitakujua!"

Wanyama waliojaa mlangoni wakaangua kicheko, isipokuwa Swala, aliyekuwa amemkumbatia Tunu. Fisi akameza hasira, maana utani ni utani.

"Tazameni basi!" Akabonyeza. Mashine ikazima, pwi! Akabonyeza tena.

Wanangu, kompyuta ikiamka hutafuta mfumo wa kuiongoza, na hii ilikutana kwanza na ule wa kwenye flashi. Wimbo haukulia. Picha hazikumeta. Kindi akagusa mara moja tu, na bomba likakohoa, kho, kho, bwaaa! Maji!

"Acha! Nitii mimi!" Fisi akaipigia kelele mashine. Maji yakazidi kumwagika. Akataka kuirukia, lakini wanyama walikwisha kuingia, wakasimama kati yake na mashine, na hakuna aliyekuwa akicheka tena. Fisi akarudi kinyumenyume, akaenda zake.

Tunu akayagugumia maji mpaka tumbo likajaa. Swala akamtazama, moyo ukamtulia. Lakini yeye hakunywa. Akamsogelea Kindi.

"Kaka, umeniokolea mwanangu, na shukrani yangu haina mwisho. Lakini niambie kweli. Huu mfumo wako, ufunguo wake anao nani?"

Kindi akashuka kwenye mashine. Hakufanya utani.

"Anao kila atakayekaa kujifunza," akasema.

"Basi nifundishe."

"Kunywa kwanza, dada. Midomo imekupasuka."

"Nifundishe kwanza," Swala akasema, akaketi mbele ya mashine.

Na hapo ndipo hadithi ilipofika, wanangu: asiyejua mfumo wake unamtii nani, ajue kwamba haumtii yeye.