Kisutu cha Bi Moza

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe ni ya juzi juzi tu, ndege zipo na simu zipo, alikuwako Unguja bibi mmoja akiitwa Bi Moza. Macho yake yalikuwa yanafifia. Siku ya Ijumaa daktari akamwambia, "Jumatatu tunakupasua. Huenda ukaona vizuri, huenda usione tena."

Bi Moza hakulia. Alisema tu, "Kama ni giza, basi kwanza nimuone Zainaba." Zainaba ni mdogo wake, aliolewa Ngazija, huko Komoro, akiwa kigori, na tangu hapo hawajaonana uso kwa uso. Msiniambie simu! Kwenye simu Bi Moza alikuwa anaona ukungu mtupu.

Mjukuu wake, Salwa, akaruka. "Bibi, kesho asubuhi ndege ipo. Tunakwenda Jumamosi, tunarudi Jumapili. Wala tusimwambie, tumshtukize!"

"Una wazimu wewe? Mtu anavuka bahari kama anakwenda sokoni?"

Salwa hakusikia. Pesa aliyojiwekea ya cherehani akakatia tikiti, na nguo za bibi akazitia mkobani.

"Mie safari ya mbali bila maharimu, mwanamume wa damu yangu, siendi," akasema Bi Moza. Na maharimu alikuwa mmoja tu, mwanawe Haroub. Loh! Haroub huyo, jamani, hata bati la nyumba yake likivuja hapandi juu, huita fundi. Akamtazama mamake, akasema, "Haya mama, twende." Ndani ya ndege alifumba macho toka Unguja hadi Moroni, akasoma kila dua aliyofundishwa chuoni akisoma Kurani, na zilipokwisha akaanza tena.

Wakafika kwa Zainaba. Hodi, hodi! Kimya. Akatoka jirani, Moinaecha, uso wote umepakwa liwa, urembo wa msandali uliosagwa, mwiko mkononi. "Zainaba yuko harusini, kijiji cha pili. Wanawake wote wako huko. Mie nimebaki kuwapikia pilau." Simu ikapigwa, haipokelewi. Ngoma inavuma, nani asikie simu?

Akaambiwa habari ya Jumatatu. Moinaecha akautupa mwiko. Pilau ya harusi, wenzangu, akaiacha motoni! Akawatia garini.

Kufika, mtihani. Haroub akabaki nje kwa wanaume, wengine wakaingia ndani. Ua mzima wanawake, sare moja, na nyuso zote zimepakwa liwa, manjano tupu. Hata wewe mwenye macho mazima usingemjua mamako. Bi Moza akamshika huyu, akamwachia, akamshika yule. Machozi yakaanza kumtoka. "Nimevuka bahari kuja kutazama liwa," akasema.

Basi Moinaecha akaingia katikati ya ngoma, akaisimamisha. Ngoma ya harusi ya watu! Aibu hiyo itasemwa mwaka mzima. Akapiga ukelele, "Zainaba! Dada yako huyu hapa!"

Mwanamke mmoja akatoka mbio. Aliomba maji, akanawa liwa mbele ya watu wote hata uso ukabaki mtupu, akausogeza karibu kabisa. Bi Moza akautazama, akautazama. Akapapasa kovu la utotoni pale kidevuni.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Na wewe umekuwa mbaya, dada."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Furaha ya pale mie siwezi kuieleza, na ngoma ikaanza upya.

Jumapili, kabla ya kuagana, Zainaba akafungua sanduku, akatoa doti ya kisutu, ile kanga ya bibi harusi. "Mama alinipa siku ya ndoa yangu. Sijaikata wala kuivaa. Mpe yule aliyetukutanisha."

Jumatatu Bi Moza akapasuliwa. Bandeji kutolewa, anaona! Kufika nyumbani aliona mpaka vumbi juu ya kabati, akamgombeza Salwa. Kisha akawaita wote, na Moinaecha kwa simu, akawauliza kisutu ni cha nani.

Salwa akasema, "Ni changu. Mimi ndiye niliyesema twende. Bila mimi, bibi ungekaa kitandani ukiingoja Jumatatu. Na cherehani yangu ndiyo nimeikosa."

Haroub akasema, "Na bila mimi asingevuka mlango. Wewe unapenda ndege. Mimi nilikufa mara mbili, kwenda na kurudi! Nipeni, nikampe mke wangu."

Moinaecha akasema, "Mlikuja mkafika, sawa. Mngemuona nani? Pilau yangu iliungua, na harusini sitaitwa tena."

Bi Moza kakipakata kisutu, anawatazama mmoja mmoja. "Alhamdulillahi, nyuso zenu nyote naziona, hata wewe Moinaecha ndani ya simu. Ila wa kumpa hiki simuoni."

Nini, Asumini, wewe hapo mkekani? Ati ikatwe? Doti ukiikata unapata vipande viwili, na wenyewe hawa watatu. Haya, chukua mkasi, kisha umtazame usoni huyo unayemwacha mikono mitupu. Mie nimemaliza yangu, semeni nyinyi: je, nani aliyestahili kisutu cha Zainaba?