Mteja wa Kubuni

Watu wakisema lisemwalo lipo, huishia hapo. Wengi husahau kwamba methali hii ina mkia, na mkia huo ndio uliomchapa msichana mmoja mwandishi.

Alifanya kazi na kaka yake katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Kaka alitengeneza tovuti. Yeye aliandika blogu ya kuwashauri wenye biashara ndogo. Makala zote zilipitia Karani, programu aliyoiunda kaka mwenyewe, ambayo haikupokea kisa chochote bila tarehe ya tukio.

Wiki ile ushauri ulikuwa, "Simulia kisa cha mteja wako." Lakini wao wenyewe hawakuwa na mteja wa kusimuliwa.

"Si utunge tu?" kaka alicheka. "Nani atakwenda kumtafuta?"

Akatunga. Mshonaji mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto. Mlango wa kijani. Cherehani iliyofungwa kitambaa chekundu shingoni. Duka likateketea kwa moto, kisha tovuti ikamrudishia wateja, akasimama tena. Karani ikadai tarehe. Akabahatisha: kumi na nne ya mwezi uleule, na makala ikachapishwa mtandaoni.

Tarehe kumi na nne asubuhi, hatua zilisikika ngazini. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mama mmoja alisimama pale akihema, simu mkononi. Mkono ulioishika ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa na vidole vitatu.

"Shi... shikamoo, mama," msichana alisema.

"Marahaba. Nani kati yenu amewahi kuingia dukani kwangu?"

Kaka alitikisa kichwa.

"Mlango wangu mnaujua. Kitambaa cha marehemu mume wangu mnakijua. Lakini duka langu halijaungua, wanangu. Mbona mnaniandikia moto? Tena wa leo?"

"Nilitunga, mama," msichana alinong'ona.

"Ulivitunga vidole vyangu?"

Kaka aliifuta makala haraka. Skrini ikabaki nyeupe kama sanda. "Yamekwisha, mama. Haipo tena."

Msichana hakuitazama skrini. "Mama, ulipoisoma ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napiga pasi gauni la bibi har—"

Hakumaliza. Wote watatu walishuka ngazi mbio.

Moshi waliuona kabla ya mlango. Majirani walimwaga maji, lakini moto ulikuwa umeshiba. Hakuna aliyeumia. Cherehani peke yake ilikuwa imetolewa nje, na kile kitambaa chekundu kilipepea ingawa hapakuwa na upepo.

Waliporudi ofisini na mama yule, makala iliyofutwa ilikuwa kwenye skrini. Yote ilikuwapo, kasoro aya ya mwisho. Maneno yalikomea kwenye majivu.

"Zima!" kaka alisema. "Usiguse kitu!"

"Nikiiacha hivi, kaka, itaishia hivi." Msichana alivuta kiti, machozi yakimlengalenga. Akaandika upya kwamba mshonaji alisimama tena. Karani ikadai tarehe. Safari hii hakubahatisha, alimgeukia mama.

"Andika kumi na nne, mwezi ujao," mama alisema. "Ila kalamu peke yake haitoshi, mwanangu. Uje na ndoo ya rangi."

Alikuja nayo, na kaka akaja na tovuti. Mwezi uliofuata, tarehe ileile waliyoiandika, wateja walipanga foleni mbele ya mlango wa kijani ambao rangi yake ilikuwa bado haijakauka vizuri. Ama kweli, lisemwalo lipo; na kama halipo, laja.