Mchochea Moto wa Hamamu na Ruhusa Aliyonyimwa

Ndugu zangu, nami niliwahi kumwambia mtumishi mgonjwa, "Subiri kidogo," hali nilikwisha kumpa ahadi ya ruhusa. Mola anisamehe. Kisa hiki najisomea mwenyewe kwanza.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Shamu alikuwapo mja mwema, Labidi, mchochea moto wa hamamu, nyumba ya watu kuogea maji ya moto. Moshi ulimwingia machoni miaka mingi, hata yakavimba na kutoa usaha. Tabibu wa mji wa jirani akamwonya, "Ukichelewa utapofuka." Basi akakubaliana na tajiri wake, Bwana Harithi mwenye hamamu, mbele ya imamu wa msikiti, kwamba achochee mpaka Idi ipite, kisha aende akatibiwe.

Idi ikapita. Lakini Mfungo Mosi, mwezi ufuatao Ramadhani, ni mwezi wa harusi, na mabwana harusi walijaa hamamuni. Labidi akaenda kuaga.

"Moto ule unauona?" Harithi akamuuliza.

"Nauona, bwana."

"Basi u mzima. Rudi kazini. Bwana harusi gani ataoga maji ya baridi kwa ajili ya macho yako?"

Mkewe Rumana akamwambia, "Si uende tu, mume wangu? Ahadi kaivunja yeye."

"Nikienda ataweka mwingine. Watoto watakula nini?"

Akasubiri, akaomba tena, akachekwa tena. Macho yakazidi giza. Hata imamu akapata habari, akaja kuuliza. Harithi akamuwahi Labidi, akamnong'oneza, "Sema umeahirisha mwenyewe, nami kesho nakuachia uende."

Labidi akajibu, "Macho yangu naweza kukusamehe, bwana. Uongo siwezi kukusemea."

Akamweleza imamu yote. Imamu akamwamuru Harithi atimize ahadi, na siku ile ile Labidi akaondoka, Rumana kamshika mkono.

Tabibu alipomtazama, akainamisha kichwa. "Mbona umechelewa, ndugu yangu?"

Akarudi kipofu. Harithi akamwendea akilia, akitaka radhi.

"Nimekuwia radhi," akasema Labidi. "Ila nishike mkono. Adhuhuri imeingia, nami sijui mlango uko wapi."

Harithi akamshika, akampeleka msikitini. Na tangu siku ile haikuadhiniwa sala ila alikuwa mlangoni kwa Labidi, akimngoja. Kama toba yake ilikubaliwa, Allah ndiye ajuaye. Macho hayakurudi.

Nakuomba, ewe unayenisikiliza: kama yuko mgonjwa uliyemwahidi ruhusa, mwache aende leo.