Mlio wa Mota Mbili

Jioni za mtaa wa Area D huingia polepole. Vumbi hutulia, upepo hupoa, na mwanga hukawia ukutani kama mgeni asiyetaka kuaga. Katika mwanga huo Stara aliota macho wazi. Aliiona roboti yake ikikata nyanda bila dereva, ikipita mashamba ya mtama hadi kwenye maji ya bwawa la Mtera.

Ulikuwa mwaka 1997. Shule ya ufundi aliyosoma Stara iliandaa mashindano. Roboti itakayobeba mahindi kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili, bila kuacha mstari wa chaki, ingewapeleka waundaji wake kwenye maonyesho ya taifa, Dar es Salaam. Stara hakutamani kitu kingine duniani. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Loisi, binti wa wakulima wa Kibaigwa, mpole kama maji ya mtungini.

Roboti yao ilikuwa na magurudumu mawili, kila moja na mota yake, zote za waipa za kioo cha lori bovu. Moja ikaungua. Bushiri, kaka yake Stara, aliyefanya biashara tangu milango ya bidhaa za nje ilipofunguliwa, akamletea mpya kutoka Dubai. Waliifunga upande wa kulia, wakawasha. Roboti ikazunguka kama pia ya watoto.

Loisi alieleza kwamba gurudumu lenye nguvu lilimpita mwenzake. Alikuwa ametengeneza kidhibiti mwendo kwa waya wa pasi mbovu. Ukisogeza kibanio juu yake, umeme uliofika kwenye mota ulipungua. Alitaka kukiunga kwenye mota mpya.

"Shoga, nimeletewa farasi," Stara alisema kwa dharau, "nawe wataka nimtie pingu ili aandamane na punda?"

"Kwetu tunalima kwa ng'ombe," Loisi alijibu. "Mmoja akivuta kwa fujo, mtaro unapinda."

"Basi kalime."

Loisi alichukua waya wake, akaenda zake. Akiamini punda ndiye tatizo, Stara aliing'oa mota kuukuu, akaitupia katika sanduku la vifaa, na kuipa ile mpya betri yote. Gurudumu la kushoto likabaki kuburutwa. Uani, bila mzigo na kwa hatua chache tu, roboti ilionekana kunyooka kidogo. Akaridhika.

Siku ya mashindano mahindi yalipakiwa. Roboti ilinguruma, ikaondoka kwa kasi, ikapinda, ikarudi ilikotoka na kuigonga meza ya waamuzi. Mahindi yakamwagika.

"Imesahau nauli," mmoja alisema kutoka nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mwalimu Respicius, mwamuzi mkuu, alitangaza kwamba kila roboti ilikuwa na jaribio moja zaidi. Stara alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akatembea hadi kwenye kiti cha Loisi, mbele ya watu wote.

"Loisi mwenzangu, nimekukosea. Farasi wangu hajui njia."

Loisi alifungua mkoba wake, akatoa waya.

Waliitoa mota kuukuu sandukuni, wakairudisha mahali pake, kisha wakaunga waya kwenye ile mpya. Waliinua magurudumu juu ya sakafu, wakawasha. Mota moja ililia kama mbu, nyingine kama nyuki. Loisi aliinamisha sikio na kusogeza kibanio taratibu. Milio miwili ikasogeleana, ikayumba, ikatafutana. Hatimaye ukabaki mmoja, laini, kama mtu anayeimba usingizini.

Roboti iliondoka bila haraka, kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya shamba. Mstari wa chaki ulipita chini ya tumbo lake, mwanzo hadi mwisho. Haikumwagika hata punje.

Mwalimu Respicius alishika kalamu, akauliza ni nani aliyeiunda.

"Andika Loisi kwanza, Mwalimu," Stara alisema. "Kisha mimi."

Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.