Mbuni Aliyeingoja Hamu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe!

Pakawa miguu miwili mirefu, na mwenyewe amekaa. Sogezeni kuni, sogezeni na masikio. Wewe Kombo, acha kuufukua huo muhogo, haujaiva.

Hapo zamani za kale, fisi alipokuwa bado ana haya kidogo, palikuwa na Mbuni, mkimbiaji wa mbuga nzima. Kila alfajiri alitoka kwake, akapita vichuguu saba, akafika mtoni, akanywa mafunda matatu, akarudi kabla mkewe hajamaliza kujinyoosha. Kishindo chake ndicho kilichokuwa saa ya majirani. Pundamilia akikisikia huamka. Popo akikisikia hulala.

Siku moja Bi Mbuni akataga mayai kumi na mawili. Na kwa mbuni desturi ni hii: mke hutaga, mume hulalia. Msicheke, kila mtu na kwao. Bi Mbuni akasema, "Haya baba, zamu yako."

Mbuni akakaa juu ya mayai. Akakaa siku kumi, akakaa siku ishirini, akakaa siku arobaini. Mkewe akamletea matango, akamletea kunde, akamletea panzi wa kukaanga. Mayai yakapasuka, vifaranga wakatoka wazima kumi na wawili. Mbuni naye akatoka, lakini alitoka mviringo kama chungu.

Sasa ipo desturi ya pili, na hii ndiyo yenye mambo. Watoto wa mbuni hufungiwa ndani ya boma la miiba siku arobaini. Arobaini yao ikifika, mama hulichoma boma moto, baba hutangulia mbio mbugani, watoto humfuata. Hawafundishwi mbio kwa maneno. Hutazama visigino vya baba yao tu. Baba akikimbia, hukimbia. Baba akikaa, je?

— Hukaa!

Fisi aliijua desturi hiyo kuliko wenyewe. Kila asubuhi alikuja nje ya boma, akaweka kokoto moja chini ya kuhesabia siku, akameza mate, akaenda zake.

Bi Mbuni akasema, "Mume wangu, anza mbio. Miguu imesahau."

Mbuni akasema, "Nitaanza. Nangoja hamu tu. Mtu hakimbii bila hamu."

Siku ya kwanza jua lilikuwa kali, Mbuni akasema, "Jua hili litaniua." Siku ya pili ikanyesha, akasema, "Nitateleza." Siku ya tatu hapakuwa na jua wala mvua. Mbuni akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Hali hii siielewi," akakaa.

Na vifaranga wakakaa. Wote kumi na wawili wakakunja miguu, wakafumba jicho moja kama baba, wakasema, "Kesho!" Ndilo lilikuwa neno lao la kwanza. Mama mtu nusura alie.

Kokoto za Fisi zikafika kumi. Bi Mbuni akapandwa na hasira. "Fisi ana kokoto kumi, wewe una nini? Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo!"

Maneno yakamchoma Mbuni. "Mimi? Mimi ndiye wa vichuguu saba! Nitazame!"

Akafyatuka. Kichuguu cha kwanza akakipita kwa madaha. Cha pili akakipita, pumzi ikabaki nyuma. Cha tatu akakipita, magoti yakabaki nyuma. Cha nne hakukipita. Alikikumbatia, akakishikilia kwa mabawa mawili, akawaomba mchwa wamsamehe. Pundamilia ndiye aliyemrudisha nyumbani mgongoni, na njia nzima hakuacha kumwambia kwamba ni mzito.

Mbuni akalala siku kumi. Vifaranga wakalala siku kumi. Wakajifunza neno la pili: "Aaah, mgongo wangu!" Watoto wa siku ishirini, migongo yenyewe iko wapi?

Kokoto zikawa ishirini. Mbuni akaanza kuona kokoto hata akifumba macho. Aliogopa, jamani, aliogopa sana, maana aliwapenda wanawe, na alijua akikaa vile, siku ya arobaini atakuwa amemwandalia Fisi karamu kwa mkono wake mwenyewe. Akasema, "Hamu yangu imepotea. Nikaitafute."

Akamwendea Twiga. "Hamu yangu umeiona huko juu?"

"Huku juu kuna upepo tu."

Akamwendea Panya Buku. "Hamu yangu umeiona huko chini?"

"Huku chini kuna watoto wangu tu, na wana kelele."

Akamwendea Kanga, jirani yake, mama mwenye mdomo. Kanga alikuwa akifukua ardhi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Jirani, hamu yangu umeiona?"

Kanga akacheka hata unyoya ukamdondoka. "Hamu! Baba watoto, mimi hufukua hapa kila siku ya Mungu. Unadhani huamka nina hamu? Huamka nina usingizi! Nafukua mara ya kwanza kwa hasira. Nafukua mara ya pili kwa sababu mguu uko palepale. Mara ya tatu napata mdudu, na hapo ndipo hamu huja mbio kuniuliza, 'Mmepata nini?'"

Mbuni akaitazama miguu yake.

Kanga akasema, "Kesho nenda kichuguu cha kwanza. Kiguse, ugeuke."

"Kimoja? Mimi wa vichuguu saba? Watu watanionaje?"

"Watakuona ukipita. Sasa hivi wanakuona umelala. Lakini sharti nakupa: ukikigusa, geuka. Hata ukijiona una nguvu za kufika mtoni, geuka! Yule aliyekimbia siku moja akalala kumi alikuwa nani? Alikuwa mimi?"

Kesho yake Mbuni akatoka kichwa chini, kwa aibu. Akaenda kichuguu cha kwanza. Akagusa, akageuka. Nyani mmoja mtini akasema, "Ndiyo imekwisha?" Mbuni akaenda zake. Siku ya pili akagusa, akageuka. Siku ya tatu akagusa, akageuka, na Nyani hakusema kitu, alikuwa ameshachoka kusema.

Vifaranga walichungulia kati ya miiba. Wakasimama. Wakakimbia hadi ukuta wa boma, wakaugusa, wakageuka. Vumbi likatimka humo ndani hata Bi Mbuni akakosa pa kuweka chakula, na hakulalamika hata kidogo.

Zilipofika kokoto thelathini, Mbuni alikuwa akigusa kichuguu cha pili. Zikiwa thelathini na tano, cha tatu. Gusa, geuka! Asubuhi moja alijikuta yuko njiani kabla hajakumbuka kutafuta kisingizio. Akasimama, akashangaa, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Kokoto zikatimia arobaini. Fisi akaja amejifunga kitambaa kifuani, ndimu mkono huu, pilipili mkono huu.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kwenye sherehe."

Bi Mbuni akashika kijinga cha moto. Mbuni akamnong'oneza, "Mke wangu, vichuguu ninavyoviweza ni vitatu tu. Fisi ana pumzi ya saba."

"Basi tangulia na hivyo vitatu."

Boma likawaka. Mbuni akatoka kama mshale, vifaranga nyuma yake mstari mmoja, na Fisi nyuma ya vifaranga, ulimi nje.

Kichuguu cha kwanza wakakipita. Cha pili wakakipita. Mbuni akaiambia miguu yake, "Leo hatugeuki! Leo ni mpaka mtoni!" Kichwa kikasema mtoni. Wakafika kichuguu cha tatu. Miguu ikafanya nini?

— Ikagusa!

Halafu?

— Ikageuka!

Ikageuka, wanangu, mazoea yana taabu! Mbuni akarudi alikotoka kwa kasi ileile, anapiga kelele kwa woga. Kifaranga wa kwanza akagusa, akageuka. Wa pili akagusa, akageuka. Wote kumi na wawili wakageuka na kelele zao.

Fisi alikuwa amefumba macho anaionja ndimu. Alipoyafumbua, akaona chakula kinamjia. Maishani mwake alikuwa amezoea kukifukuza chakula, hakuwa amewahi kufukuzwa nacho. Akasema, "Ngojeni, ngojeni kwanza, tuelewane!" Nani amngoje? Mbuni hakuweza kusimama. Akamkanyaga kifua, Fisi akapinduka kifudifudi. Vifaranga wakampita mgongoni, miguu ishirini na minne, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho akarudi mara ya pili kwa raha zake. Tangu siku hiyo kiuno cha Fisi kimebonyea, kamtazameni. Pilipili ilimwingia machoni. Ndimu akaichukua Kanga.

Majirani wakapiga vigelegele, wakala, wakanywa. Mbuni akasifiwa kwa ujasiri, naye akanyamaza kwa busara.

Mkadhani imeisha? Tulieni.

Alfajiri ya siku ya pili yake hapakuwa na Fisi. Hapakuwa na kokoto, hapakuwa na mke wa kugomba, hapakuwa na mtu wa kutazama. Palikuwa na manyunyu na baridi. Mbuni akafumbua jicho moja. Akaitafuta hamu ndani ya moyo wake, hakuiona. Akajigeuza upande wa pili, akakuta vifaranga kumi na wawili wamekunja miguu, macho kwake, wanangoja waone baba atafanya nini.

Mbuni akainuka.

"Baba, hamu imekuja?" akauliza mdogo wao.

"Bado," akasema Mbuni. "Twendeni, itatukuta njiani."

Basi wanangu, aliyekatiza safari asione haya kuanza na hatua fupi, wala asikae mlangoni kumngoja mgeni anayeitwa hamu. Hamu hufuata miguu, haiitangulii. Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mimi nilikuwapo siku ile boma likiungua. Nilitaka sana kukimbia nao, ila nilikuwa nimeshika sahani ya wali ya wenyewe, na mtu mwenye adabu hakimbii na sahani ya watu.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaitie sukari. Kombo, lete huo muhogo.